Risasi Moja kwa Kila Nyumba

Kiprono mwanangu,

Habari ya blanketi, sweta na maziwa ya kuchemsha mama yako ameshaimaliza, na kesho mlangoni ataianza upya, kwa hivyo mimi siigusi. Nimekaa kuandika kwa sababu jana tulipokuwa tukifunga mzigo wako uliniuliza swali, nami nikakuambia ungoje. Umengoja kwa adabu, na leo umekwenda kuaga watu wa Kimumu bila kulirudia. Mimi nimelingoja jibu pamoja na wewe, na sasa taa imewashwa na jibu halijafika.

Uliniuliza: "Baba, nikifika dukani ninunue zile nzito ama zile nyepesi?"

Mtu mwingine angesema ni swali dogo la kwenye kaunta. Lakini kibali chako ni cha sanduku moja la risasi. Ukishalinunua hapo Eldoret unapanda basi, na jioni uko Timboroa kwa watu waliokuajiri uwazuilie nyati wasimalize pareto na mahindi yao. Nyati akitoka msituni hakupi ruhusa ya kurudi mjini kubadilisha. Ninaogopa, mwanangu. Nimeandika neno hilo mapema ili lisinisumbue huko mbele.

Kila mtu hapa Kiplombe anadhani mimi ninajua. Nilimbebea Bwana Miwani, yule mzungu mwenye shamba, bunduki tangu kabla hujazaliwa, baadaye nikawa na yangu, na leseni yenye jina langu. Watu hunisimamisha njiani kuniuliza habari za risasi kama wanavyomuuliza karani habari za sheria. Nami hujibu, tena kwa sauti ya mtu anayejua. Umeniuliza wewe, na ile sauti imenitoka.

Nianze na yale ninayoweza kuyasema bila kusita. Bunduki yako ni .303 kama yangu, na bunduki hiyo moja inakubali risasi za vichwa tofauti. Kichwa hupimwa kwa greni, na Bwana Miwani alinieleza kuwa greni moja ni kama punje moja ya shayiri. Kuna kichwa kirefu kizito, na kuna kifupi chepesi. Baruti iliyo nyuma yao haitofautiani sana. Kwa hivyo kizito kinakwenda polepole, na kikienda mbali kinainama. Chepesi kinakwenda kwa mbio na kinanyooka. Kizito kikifika kinaingia ndani sana. Chepesi kikifika kinapiga kwa kishindo, lakini kikikutana na mfupa mnene kinaweza kupasukapasuka kabla ya kufika panapohitajika. Mpaka hapo ungeweza kununua nzito ukaenda zako.

Sasa ngoja nikuharibie.

Bwana Miwani alikuwa na jirani ambaye sisi wafanyakazi tulimwita Haraka, kwa namna alivyoendesha gari. Bwana Miwani aliamini uzito, Haraka aliamini mbio. Walibishana juu ya jambo hilo kila walipokutana, wakiwa na chai au bila chai. Siku moja wakaamua kuumaliza ubishi. Tukajaza magunia makapi ya ngano, tukayamwagia maji, tukayapanga moja nyuma ya jingine karibu na dipu la kuogeshea ng'ombe, wao wakapiga. Risasi nzito ya Bwana Miwani ilipita magunia mengi. Ile nyepesi ya Haraka ilikomea mapema, lakini ililipasua gunia la kwanza hata makapi yakawarukia ng'ombe. Kila mmoja akamgeukia mwenzake akicheka, akidai ameshinda. Kisha wote wawili wakanigeukia mimi.

Bwana Miwani akasema kwa Kiswahili chake, "Risasi mzito iko pole, lakini iko na adabu. Nafika, naingia, nafanya kazi."

Haraka akasema, "Nyama nakimbia. Wewe nataka risasi natembea?"

Nilikuwa mtu wa mshahara, nikasema zote ni nzuri. Wakaingia ndani, nikabaki kukusanya magunia. Lakini usidhani nilisema hivyo kwa woga peke yake. Niliyatazama yale magunia, nikayazunguka, na kweli sikuona aliyeshinda. Mpaka leo sijamwona.

Tena kuna jambo la pili, na hili ndilo lililonichanganya zaidi. Ungedhani risasi nzito, kwa kuwa inainama, itapiga chini ya ile nyepesi. Kwa mbali, ndiyo. Kwa karibu, bunduki yangu inafanya kinyume: nzito inapiga juu. Bwana Miwani alisema mtutu huruka unapopiga, na nzito kwa upole wake inachelewa kutoka, basi inatoka mtutu umeshainuka. Nilikubali kama mtu anavyokubali hesabu asiyoielewa. Nimejaribu kwenye ubao mara nyingi na ndivyo ilivyo. Yako huenda inafanya vingine. Unaona ninavyokusaidia.

Nikueleze sasa habari ya mguu wa mjomba wako Kibet. Umeisikia kwenye harusi na kwenye mazishi, lakini kila anayeisimulia ana sababu zake, na mimi ndiye niliyeshika bunduki.

Wazungu walipoanza kuuza, Bwana Miwani naye aliuza. Sisi tulionunua shamba lake, kule chini ya msitu wa Timboroa, tulikuwa nyumba saba. Kila mtu alikuwa ameuza ng'ombe apate sheya yake, fungu lake la shamba, na wengine walibaki na ndama tu. Basi jambo lililotukosesha usingizi lilikuwa usawa. Tuligawa malisho, tukagawa mabati ya stoo, tukagawa milango. Kuna nyumba ilipata mlango wenye kioo, ikapewa sahani chache ili ulinganifu upatikane. Usicheke. Mtu aliyezaliwa kwenye shamba la mzungu akifukuzwa na nyapara haoni sahani kama unavyoiona wewe.

Kwenye ofisi ya Bwana Miwani kulikuwa na droo ya risasi zilizosalia. Zilikuwa mchanganyiko: nzito, nyepesi, na zile za askari zenye pua ngumu. Bunduki aliniachia mimi, nikahangaika na leseni mpaka nikaipata, kwa hivyo bunduki haikugawanyika. Lakini droo iligawanyika. Kamati ilikaa, ikatoa risasi kwa kila nyumba kama ilivyotoa sahani. Mama mmoja aliziweka zake kwenye kopo la chumvi, mwingine akazifunga kwenye kanga. Nchi nzima sidhani kuna kampuni nyingine ya kununua shamba yenye bunduki moja na stoo saba za risasi.

Halafu ikaja habari ya nyama. Nikimpiga swala kwa risasi ya nyumba fulani, nyumba hiyo ilidai kifua na ngozi. Maneno yakawa mengi. Mwishowe tukakubaliana hivi: kila nikienda kupiga, kila nyumba itoe risasi moja, zote saba ziingie magazini, tumboni mwa bunduki, na nyama iwe ya wote. Mwenyekiti alizipokea kwenye kofia yake, akanikabidhi, nami nikazisukuma ndani moja moja watu wakitazama.

Nilijua kwamba risasi hazilingani. Nilisimama mkutanoni nikasema, tena mara moja tu, kwamba ingefaa zile za aina moja ziwekwe pamoja. Wafula akanijibu. Wafula unamjua, yule dereva wetu wa trekta aliyepigana Burma, na zile za pua ngumu zilikuwa zake. Alisema, "Mzee Sang sasa amekuwa mzungu. Anataka kuchagua risasi, zetu tupikie nini?" Watu wakacheka sana, hata mama yako. Nikakaa chini. Nilikuwa nimetoka juzi tu kuwa mbeba bunduki wa mzungu, na nilichoogopa kuliko nyati ni watu kusema ninajifanya Bwana Miwani wa pili.

Kwa swala na nguruwe mwitu mambo yalikwenda tu. Nilikosa mara nyingi kuliko zamani, nikasingizia macho.

Nyati alikuja msimu wa mahindi kukomaa. Asubuhi ile ukungu ulikuwa umelala mpaka kwenye ua. Kofia ikazunguka, nikajaza magazini, tukaenda. Kibet alipita upande wa mianzi na mbwa wake na mkuki. Nilimkuta nyati amesimama ubavu, karibu kabisa, anatafuna mahindi yetu kama mtu aliyealikwa. Nikamlenga nyuma ya bega. Risasi ya kwanza ilikuwa nyepesi, nikaona imempiga chini, mguuni. Nikajua nimelenga chini, basi nikainua. Ya pili ilikuwa nzito. Nimeshakuambia bunduki yangu inaifanyia nini nzito kwa karibu. Ilipita juu ya mgongo, ikaenda zake msituni. Nikafikiri nimeinua kupita kiasi, nikateremsha. Ya tatu ilikuwa ya Wafula. Ilimpita tumboni ikatokea upande wa pili, naye hakuonyesha hata dalili ya kuihisi. Kila nilipojirekebisha nilirekebisha kosa la risasi iliyokwisha kwenda, kwa risasi isiyofanana nayo.

Aliingia mianzini, na mianzini alikuwamo Kibet.

Sauti niliyoisikia sitaiandika. Nilipofika alikuwa ameshamtoboa paja na kumrusha, na alikuwa amegeuka kumrudia. Nilipiga zile nne zilizobaki nikiwa karibu kiasi cha kusikia pumzi zake, sikulenga, nilisukuma tu mtutu mbele na kupiga. Alianguka. Ni ipi iliyomwangusha, sijui. Mtu akikuambia anajua, muulize alikuwa wapi.

Nilimfunga Kibet paja kwa shati langu. Wafula akakimbilia trekta ili tumpeleke barabarani tupate lori la kwenda Eldoret. Na wakati tunangoja, Kibet amelala kichwa mapajani mwangu, nyuma yangu watu walikuwa wamekwisha kumpasua nyati, wanatafuta. Walitaka kujua risasi ya nyumba gani ndiyo iliyomwua. Mmoja aliinua kipande cha risasi kilichobonyea hata kiwanda kilichokitengeneza kisingekitambua, akasema, "Hii ni yangu, naijua."

Nililia hapo, mbele ya wanaume wenzangu. Walidhani namlilia shemeji yangu, na ilikuwa kweli. Nilikuwa na hasira pia, na sikujua niielekeze kwa nani, kwa maana watu wale hawakuwa wabaya. Walikuwa wametoa kila mtu chake.

Kibet alipona, ila mguu ukabaki mfupi. Sisi tukabadilishana sheya yetu na mtu aliyekuwa na kipande huku Kiplombe, ndiyo maana hukukulia kule; Kibet, Wafula na mwenyekiti nao walitufuata baadaye. Tangu hapo kila mwenye risasi amejitwalia sifa. Wafula anasema ni ile ngumu yake iliyopita tumboni ndiyo iliyomwokoa Kibet. Mjane wa mwenyekiti anasema ni yake. Kibet mwenyewe anaapa kwa nzito, kwa sababu aliisikia ikiingia, ati. Mtu aliyerushwa na nyati asikie uzito wa risasi. Nami miaka yote hii, nikikamua, nikilima, nimekuwa nikipanga upya asubuhi ile. Kama zote zingekuwa nzito? Ya kwanza ingepiga juu, ningeona, ningeteremsha, ya pili ingeingia mapafuni. Kama zote zingekuwa nyepesi? Ya kwanza chini, ningeinua, ya pili ingemwua, labda polepole. Hata zote zingekuwa za Wafula, ambazo kwa kazi ile ndizo mbaya kuliko zote, ningeweza kuziweka moja nyuma ya nyingine mahali pamoja mpaka achoke.

Nimeandika hayo sasa hivi na nimesimamisha kalamu kuyatazama. Nimebishana nafsini mwangu juu ya uzito na mbio tangu enzi za yale magunia, na katika hesabu zote hizi nyati anakufa. Siwezi kusema kwa nini sikuliona mapema. Au niliona nikaogopa kulisema, kama mkutanoni. Mawazo yangu hayajatulia, nisamehe.

Mama yako amepita hapa, akasoma juu ya bega langu, akasema niandike kwamba wewe ni mwepesi na mimi ni mzito, na kwamba kila mmoja ana kazi yake. Siandiki hivyo. Nazungumza habari za risasi. Wewe mwepesi utaniambia mwenyewe ukirudi kama kuna la kujifunza humo.

Kuna jambo nimefanya leo na ni lazima ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwa mwingine. Tangu habari ya kazi yako ienee, watu wamekuwa wakileta risasi zao walizozitunza tangu kule shambani. Umeziona kwenye meza. Wafula alileta zake kwenye leso. Mjane wa mwenyekiti alizituma na mjukuu. Kibet alitembea na fimbo yake kutoka ng'ambo ya mto, akazitemea mate ya baraka mbele yako, akasema, "Nyati wa kule wananijua. Wape salamu zangu." Nawe ulipokea kila kitu kwa mikono miwili ukainamisha kichwa, kama tulivyokufundisha. Na yule mzee wa Timboroa aliyekuja kukuajiri alisema nini wakati wa chai? Kwamba usiwe na wasiwasi wa risasi, kila nyumba kule itachangia. Wewe ukasema asante.

Nilipokusikia ukisema asante niliweka kikombe chini. Siogopi macho yako, kwa maana unaona vizuri kuliko nilivyoona mimi. Naogopa adabu yako. Utashindwa kumkatalia mzee, utashindwa kumkatalia mjomba, utafika mbele ya nyati na heshima za watu kumi magazini.

Basi leo ulipokwenda Kimumu nilizichukua zote nikazirudisha. Wafula alizipokea, akafunga mlango, na nadhani trekta yake sitaipata msimu huu. Yule mama aliuliza kama risasi za mjane zina mkosi. Kibet ndiye aliyenishinda. Aliketi kwenye kiti chake, ule mguu umenyooka mbele, akasema, "Unamnyima mtoto baraka ya mjomba wake? Mimi niliyetobolewa?"

Nikamwambia baraka utakwenda nayo, risasi zibaki. Akasema baraka na risasi ni kitu kimoja. Huenda ni kweli, sijui, mimi si mtu wa kanisa sana. Nimeziacha mlangoni pake nikaondoka. Kesho akikosa kuja kukuaga usimkasirikie, wala usidhani una kosa. Ni mimi.

Na kule Timboroa kofia ikizungushwa, wewe kataa. Wakikuuliza unajiona nani, waambie una baba mkaidi ambaye amekuapisha, na kwamba ukirudi nyumbani umevunja kiapo hicho hutapewa chakula. Nipakazie matope yote. Niko mbali, hayatanifikia.

Ukifika dukani nunua nzito. Au nunua nyepesi, kama mkono wako unaipenda. Nilitaka sana kukuchagulia na nimejaribu jioni nzima, lakini nikisema moja nitakuwa nadanganya kwa ile sauti yangu ya mtu anayejua. Utakayonunua, piga kwenye ubao kwanza, kwa karibu na kwa mbali, mpaka usishangae inapoangukia. Kibali kingine kikitoka, nunua hiyo hiyo. Sina zaidi ya hayo.

Limebaki moja. Bwana Miwani alipoondoka alinipa mkononi pakiti ndogo ya zile nzito zake, kando ya bunduki, hazikuingia kwenye droo wala kamati haikuzijua. Sikupiga hata moja. Nilisema zitakuwa zako siku utakayoanza kazi ya mwanamume, na jana, mama yako akiwa jikoni, niliziweka kwenye mfuko wako chini ya sweta, nikafurahi peke yangu kama mwizi. Sasa hivi nimekwenda chumbani nikazitoa. Mama yako amenikuta nimezishika gizani, akaniuliza kama sasa nimekosana hata na wewe.

Kesho pale kituoni wazazi wengine watakuwa wakiwapa watoto wao vitu. Mimi nitakushika mkono tu, na hutakuta kitu ndani yake. Usifikiri sikuwa nacho.

Baba yako